Watoto wapewe nafasi ya kupamba nyumba wakati wa Majilio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wazazi wenzangu juu ya jambo linalojirudia kila mwaka unapoelekea ukingoni, nalo ni namna tunavyopamba nyumba zetu kwa ajili ya Krismasi. Katika nyumba nyingi siku hizi mapambo yote hutundikwa kwa siku moja, mara nyingi kabla hata Majilio, kile kipindi cha kanisa cha kungoja Krismasi, hayajaanza, na wanaotundika ni watu wazima, huku watoto wakiambiwa wakae pembeni wasije wakavunja kitu. Jioni taa zinawashwa, picha zinapigwa na kutumwa kwa jamaa, na kazi inahesabika kuwa imekwisha. Watoto wanabaki kutazama kwa majuma kadhaa kitu ambacho hawakushiriki kukitengeneza, na inapofika tarehe 25 Desemba macho yao yamekwisha kukizoea kiasi kwamba sikukuu yenyewe inawakuta wamechoka nayo. Ninachoomba ni kwamba nyumba ipambwe kidogo kidogo, kwa kufuata Jumapili nne za Majilio, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iwe mikononi mwa watoto wenyewe.

Mpangilio wa kufanya hivyo tayari tunao, wala hatuhitaji kubuni mwingine. Kwa makanisa ya Magharibi, Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, kwa hiyo yanaweza kuanza mapema tarehe 27 Novemba au yakachelewa hadi tarehe 3 Desemba, na huchukua siku 22 hadi 28 kulingana na mwaka. Makanisa mengi ya Mashariki nayo hufunga kwa siku 40 kabla ya Krismasi. Katika ibada za Kikatoliki mavazi ya padri katika kipindi hicho huwa ya zambarau na utenzi wa Utukufu, ule wimbo wa sifa wa Misa, hauimbwi siku za Jumapili, kwa sababu waamini wanatunziwa furaha hiyo mpaka usiku wa Noeli. Kama kanisa lenyewe linajua kuzuia sauti yake ili lije liimbe kwa nguvu zaidi siku inapotimia, sioni kwa nini sebule zetu zishindwe kufanya vivyo hivyo.

Nianze na shada la Majilio, yaani lile duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, kwa kuwa chimbuko lake linawahusu watoto moja kwa moja. Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri, alianzisha mjini Hamburg mwaka 1833 makao ya kuwalea watoto waliotoka katika umaskini mkubwa. Inasimuliwa kwamba watoto wale walikuwa wakimsumbua kila siku kwa swali moja, Krismasi itafika lini, na kwamba mwaka 1839 aliwajibu kwa kuchukua gurudumu la mkokoteni na kulipanga mishumaa, mikubwa kwa ajili ya Jumapili na midogo kwa ajili ya siku za kawaida, akawa anawasha mmoja zaidi kila siku. Baadaye desturi hiyo ilipungua ikabaki na mishumaa minne ya Jumapili, ikaenea katika nyumba za Walutheri, na katika karne ya 20 ikapokewa na Wakatoliki pia. Naona umuhimu mkubwa katika ukweli kwamba shada halikuanza kama pambo. Lilikuwa jibu la mlezi kwa watoto waliokuwa wakiuliza, na mtoto yeyote aliyewahi kungoja kitu atalielewa bila kuhubiriwa.

Kulitengeneza nyumbani ni kazi ya jioni moja. Waya mgumu unakunjwa kuwa duara, matawi mabichi yanafungwa juu yake kwa uzi hadi waya usionekane, na mishumaa inasimamishwa imara katika vikombe vidogo vya bati au udongo. Mtoto mdogo anaweza kupewa kazi ya kupitisha matawi kwa mwenzake, naye mkubwa akafunga mafundo. Wengine hutumia mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, ambao huwashwa Jumapili ya tatu, Jumapili ya furaha. Wengine huweka minne myekundu au ya buluu, na hakuna haja ya kugombana juu ya hilo. Jambo ambalo watoto hulitambua wenyewe, na ningependa mzazi asiwatangulie kulisema, ni kwamba ifikapo Jumapili ya nne mishumaa haina urefu sawa: wa kwanza umebaki kisiki, wa pili umefika nusu, wa nne bado mrefu na ncha yake ni nyeupe. Majuma waliyongoja wanayaona mezani.

Hapa lazima niseme neno juu ya usalama, maana furaha ya kupamba imewahi kuleta misiba ya moto katika nyumba za watu. Mshumaa usiachwe ukiwaka chumbani pasipo mtu mzima, usiwekwe karibu na pazia, na majani ya shada yabadilishwe yakikauka kwa sababu majani makavu hushika moto kwa kasi ya kutisha. Waya wa taa uliochubuka utupwe, usizungushiwe utepe na kurudishwa mtini. Kubwa zaidi kwa wenye watoto wadogo ni zile betri bapa za mviringo zinazotumika katika mapambo yanayowaka au kuimba, kwani mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa mbili tu, hivyo akidhaniwa tu kuwa ameimeza apelekwe hospitali papo hapo.

Sasa nije kwenye pango la Noeli, yaani mfano wa banda alimozaliwa Yesu pamoja na sanamu zake, ambalo kwangu ndilo moyo wa mapambo yote, nami nasikitika kuona katika nyumba nyingi limesukumwa pembeni na mti. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoliandaa katika kijiji cha Greccio, Italia, usiku wa Krismasi mwaka 1223, hakutumia sanamu zilizonunuliwa. Aliomba iletwe hori yenye nyasi, ng'ombe na punda, Misa ikaadhimishwa mahali hapo, na watu wa kijiji wakaja na mienge kushuhudia kwa macho umaskini aliozaliwa nao Mtoto Yesu. Pango la nyumbani linapokuwa seti ya thamani iliyowekwa juu ya kabati ambako mkono wa mtoto haufiki, limepoteza kusudi hilo. Afadhali sanamu za udongo zilizofinyangwa na watoto, zenye vichwa vikubwa kuliko miili, mradi zinaweza kushikwa na kusogezwa.

Nasema kusogezwa kwa makusudi, kwa kuwa pango lisikamilike siku moja. Jumapili ya kwanza liwekwe banda tupu lenye nyasi. Jumapili ya pili waingie wanyama. Maria na Yosefu waanze safari yao mbali, labda kwenye dirisha la chumba kingine, na kila jioni mtoto mmoja awasogeze hatua chache kuelekea bandani, na kama siku hiyo wamepitia juu ya redio au nyuma ya chungu cha maua, basi ndivyo safari zilivyo. Hori ibaki wazi. Kuna desturi nzuri ya kuweka unyasi mmoja ndani ya hori kwa kila tendo jema alilolifanya mtoto siku hiyo bila kuagizwa, ili usiku wa mkesha Mtoto alazwe mahali palipolainishwa na wenyeji wa nyumba. Na nimeona watoto wanavyohesabu nyasi zile kwa wasiwasi wa kweli inapobaki siku mbili tatu, wakitafuta ni nani wa kumsaidia kabla giza halijaingia. Mtoto Yesu alazwe usiku wa tarehe 24 tu, wachungaji wafike usiku huohuo, nao Mamajusi, wale wageni wa mashariki waliomletea zawadi, waendelee kutembea mpaka tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania.

Pango linalopangwa hivyo linazaa maswali, na maswali ya watoto ndiyo mlango wa Maandiko. Waulizwe watafute wenyewe katika sura ya pili ya Injili ya Luka ni wapi ng'ombe na punda wametajwa. Hawatawakuta, kisha waoneshwe Isaya 1:3, ambako ng'ombe anamjua bwana wake na punda anaijua hori ya mwenyewe. Waulizwe Mathayo anasema Mamajusi walikuwa wangapi. Watagundua kwamba hakutaja idadi, ila zawadi tatu, na kwamba kwa maelezo yake waliingia nyumbani. Mtoto aliyegundua jambo kama hilo kwa kidole chake mwenyewe juu ya ukurasa halisahau, na kesho yake atakwenda kumsimulia babu yake.

Kalenda ya Majilio nayo inastahili kutajwa. Katika karne ya 19 baadhi ya familia za Kilutheri nchini Ujerumani zilikuwa zikichora mistari ya chaki mlangoni na kufuta mmoja kila siku, na mwanzoni mwa karne ya 20 Gerhard Lang alianza kuchapa kalenda hizo mjini Munich, akikumbuka ile aliyokuwa akitengenezewa na mama yake utotoni. Sina ugomvi na zile zinazouzwa zikiwa na peremende nyuma ya kila kidirisha. Hata hivyo mnyororo wa karatasi wenye pete 24 unaonyofolewa pete moja kila jioni unatosha kabisa, na ndani ya kila pete panaweza kuandikwa mstari wa kusoma, wimbo wa kuimba, au jina la mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Mzazi aandike mambo yanayowezekana. Pete inayoahidi jambo lisilotimizwa humfundisha mtoto kutoamini pete zinazofuata.

Kuhusu mti, najua wengi hawatakubali kuungoja hadi mwishoni, ingawa zamani katika nyumba nyingi za Ujerumani ulikuwa unapambwa mkesha wenyewe na watoto kuuona kwa mara ya kwanza usiku ule. Nami sidai hivyo. Usimamishwe Jumapili ya tatu ukiwa na taa peke yake, halafu mapambo yaongezwe siku zinazofuata kadiri watoto wanavyoyatengeneza. Kila pambo liandikwe nyuma jina la mtoto na mwaka, litunzwe, na litundikwe tena mwaka ujao. Ombi langu kwa akina mama na akina baba wenye jicho la urembo ni hili: nyota ya karatasi iliyovimba kwa gundi, yenye ncha sita upande mmoja na mbili upande wa pili, isifichwe nyuma ya mti inakoelekea ukutani. Mtoto hupita kila saa kuangalia ilipo. Iwekwe mbele, kwenye kimo cha macho yake.

Wapo watakaosema kwamba maisha ya sasa hayatoi nafasi ya haya yote, kwamba mzazi anarudi nyumbani usiku akiwa amechoka. Nawaelewa, lakini kupamba kidogo kidogo kunadai muda mfupi kuliko ile siku nzima ya kupanda ngazi na kufumua nyaya. Robo saa ya Jumapili jioni, mshumaa ukiwashwa na fungu fupi likisomwa, inatosha. Vijana wanaoona mambo haya ni ya kitoto wapewe jukumu la usomaji au la kuwasimulia wadogo zao, nao kwa kawaida hulipokea vizuri kuliko tunavyotarajia. Na mahali ambapo bibi au babu yupo, akaribishwe aeleze Krismasi za utoto wake wakati mikono ya wajukuu inakunja karatasi, kwa sababu mtoto mwenye kazi mkononi husikiliza kwa utulivu.

Mwisho nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa jumuiya: kila juma la Majilio watoto wafinyange kanisani sanamu moja ya pango na kwenda nayo nyumbani, ili hata familia isiyo na desturi hii ijikute imeianza. La pili ni kwako, Mhariri. Gazeti lako hutenga nafasi kubwa kwa matangazo ya sikukuu kuanzia Novemba, jambo ambalo silipingi. Nakuomba utenge pia kona ndogo ya watoto katika matoleo manne ya Jumamosi yanayotangulia Jumapili za Majilio, yenye somo la juma, maelezo mafupi ya pambo moja la kutengeneza kwa mikono, na swali moja la kutafuta jibu lake katika Biblia. Nikiwa mzazi na msomaji wa gazeti hili kwa miaka mingi, niko tayari kushirikiana na wasomaji wengine kuandaa maandiko ya kona hiyo bila malipo, na naandika mapema ili maandalizi yakamilike kabla ya Jumapili ya kwanza.

Wako katika ujenzi wa familia,

Mzazi na msomaji wa siku nyingi