Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Moshi: tuwekeeni wazi umri na bei za nyumba, mtaa kwa mtaa

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu, na pole kwa majukumu. Mimi ni fundi umeme hapa mjini. Kazi yangu imenipandisha kwenye dari za nyumba za Majengo, Njoro, Pasua, Kiboriloni hadi Shanty Town. Nakuandikia kuomba jambo moja: Manispaa itoe hadharani, kwa kila mtaa, taarifa za nyumba zilijengwa miaka gani, zinauzwa na kupangishwa kwa bei gani, na wanaoishi humo ni watu wa rika gani.

Nianze na umri, maana ndio ninaokutana nao kila siku. Nikifungua swichi ya nyumba ya zamani, ukuta wenyewe unanisimulia. Soketi ni za pini za duara. Fyuzi ni za waya, zimefungwa kwenye kibao cha mbao. Waya umevishwa mpira na kitambaa, na ukiugusa tu mpira unapukutika mkononi, inabaki shaba tupu. Waya wa ethi, wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haupo kabisa. Nyumba hiyohiyo nje imepakwa rangi mpya, imewekwa vigae na madirisha ya alumini, na dalali anamwambia mteja kuwa imejengwa juzi tu. Mteja ananunua, anahamia na friji, jiko la umeme na hita ya maji, halafu ananipigia simu kuuliza kwa nini ukuta wa jikoni unapata joto. Kufanya wayaringi upya nyumba nzima ni gharama ambayo hakuipigia hesabu. Angejua jengo lina miaka mingapi, angeita fundi kabla ya kutoa fedha, na angekuwa na hoja ya kupunguziwa bei.

Umri huo haujapotea, Ndugu Mkurugenzi. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na kila kibali kina tarehe. Kwa majengo makongwe ya katikati ya mji, historia yetu inaonyesha kuwa kazi hii inawezekana hata bila kompyuta. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na umri ndio ulioamua fidia: jengo likiwa limezidi miaka 10, mwenyewe hakulipwa kitu. Kwa hiyo ilibidi maofisa wa wakati ule wajue jengo limesimama lini na lina thamani gani. Walifanya hivyo kwa ajili ya kutwaa. Sisi tunaomba ifanyike ili mwananchi ajue anachonunua.

Kwenye bei ndiko tunakoumia zaidi. Anayejua bei za mtaa ni dalali, na ujira wake kwa kawaida ni kodi ya pango ya mwezi mmoja, maana yake kodi ikipanda naye kipato kinapanda. Mpangaji anadaiwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, hana pa kulinganisha isipokuwa kwa dalali mwingine. Zamani kodi ya majengo ilitegemea uthamini, hivyo thamani ya nyumba ilikuwa na sababu ya kuandikwa. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, yaani tunaponunua umeme, kwa kiwango kimoja, na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, iwe ya bati chakavu Pasua au yenye bustani kubwa Shanty Town. Ulipaji umekuwa rahisi, na hilo nalishukuru. Ila thamani haina tena wa kuifuatilia, mpaka siku nyumba inapohamishwa umiliki na mthamini anaitwa. Uthamini huo unabaki kwenye jalada. Chukueni majalada hayo, ondoeni majina na namba za viwanja, mtupe bei ya chini, ya kati na ya juu kwa kila mtaa. Mtaa ulio na mauzo mawili matatu tu uunganishwe na wa jirani, asije mtu akatambulika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haivunjwi kwa utaratibu huo.

Wenzetu wanafanya. Marekani, idara ya sensa hutoa miaka ya ujenzi wa nyumba, thamani zake na umri wa wakazi kwa maeneo madogo ya watu kama 4,000, na kusoma ni bure. Uingereza wameweka wazi bei za nyumba zilizouzwa tangu 1995.

Kuhusu watu tumeshapiga hatua kubwa. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 221,733 katika Manispaa yetu, kutoka 184,292 mwaka 2012. Ilikwenda pamoja na sensa ya majengo, na mwaka huohuo tukabandikiwa namba za nyumba na kusimikiwa nguzo za majina ya barabara. Lakini jumla ya mji haimsaidii mwenyekiti wa mtaa anayetaka kujua ana wazee wangapi wanaoishi kwenye nyumba kuukuu, wala askari wa Zimamoto anayetaka kujua mitaa ipi ina nyumba kongwe zilizobanana.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi nafasi ya kuomba na kujibiwa ndani ya siku 30. Nitapeleka ombi langu kwa maandishi, lakini si haki kila mnunuzi wa nyumba apitie njia hiyo peke yake. Naomba muanze na kata mbili, Njoro kwa sababu ya nyumba zake za zamani, na Pasua kwa sababu ya wapangaji. Taarifa iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila mtaa, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata na iwekwe kwenye tovuti ya Manispaa, na ihuishwe kila mwaka wa fedha unapoanza. Mkihitaji fundi wa kuzunguka na watu wenu kukagua nyumba ambazo vibali vyake havionekani, nipo tayari, na najua mafundi wenzangu watakaokuja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi umeme, Moshi

Nakala: Mthamini wa Manispaa, Ofisa Mipango Miji