Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho: tuzungumzie paa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Asalaam aleikum, na hongera kwa lango jipya. Limenakshiwa vizuri, na kibao cha kiingilio kinasomeka hata ukiwa gatini. Sasa naomba, kwa heshima zote, tuzungumzie paa.

Jumamosi iliyopita niliwaleta wajukuu waone mtepe. Niliwaambia wataona chombo kisicho na msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, tanga ni la mkeka. Mitepe ya kweli ilikwisha baharini karne iliyopita. Tumebaki na ya mfano kama huu wenu. Tukalipa, stakabadhi hatukupewa, tukaingia gizani tukimulika kwa simu. Ndani ya mtepe mna ndoo. Ndoo ya plastiki, ya buluu, imepachikwa juu ya mataruma, zile mbavu za chombo, ikinge matone, nayo imejaa mpaka inamwagika. Niligusa mshono wa ubao wa chini, nyuzi zikabaki kidoleni. Mjukuu mdogo akauliza kama ndoo nayo ni ya kale.

Marehemu baba alikuwa fundi wa majahazi. Tezo yake ya kuchongea mbao na keke yake ya kutobolea mnazo nyinyi, kwenye kabati lenye kioo kilichopasuka. Tulizitoa bure kwa sababu tuliambiwa zitatunzwa. Tezo imeshika kutu, na karatasi yenye jina lake sikuiona. Mzee huyo alikuwa akisema maji ya chumvi hayaozeshi chombo, kinachoozesha ni mvua. Ndiyo maana jahazi likipandishwa pwani kungoja upepo wa kusi upite, huezekwa makuti. Makuti, Mheshimiwa! Hayahitaji mfadhili wala semina.

Wengine wanasema fedha za paa ndizo zilizojenga lango. Wengine wanasema zabuni imekwama kwenye meza ya mtu. Mimi nakumbuka tu ulivyosema mbele ya kamera, umevaa kofia yako ya kiua, kwamba kabla ya masika paa litakuwa limezibwa. Masika yameingia. Na boriti za paa lile ni za mikoko, zimeshaanza kutoa unga.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu kule Unguja, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Jumba la mwaka 1883, ndani ya Mji Mkongwe ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Sisi hatumo hata kwenye orodha yako ya wiki hii.

Sidai taa. Sidai stakabadhi, wala hiyo karatasi ya baba, ingawa imeniuma. Zibeni paa. Mkishindwa kuziba, uhamisheni mtepe chumba kikavu. Hata hilo likiwa zito, Jumatatu asubuhi nitakuja na makuti na vijana wawili. Agiza tu tufunguliwe mlango wa nyuma, na kiingilio tutalipa.

Wako katika utii,
Mtoto wa fundi