Usiiache Dawa Kimyakimya

Mwanangu Zuhura,

Huku Tanga hatujambo, bibi yako tu na magoti yake. Dada yako kanidokeza kwamba metformini umeiweka kabatini, na kwamba hutaki nijue. Basi nimejua.

Sikulaumu. Mie nilipoanzishwa dawa hiyo kwa kisukari, nilihamia chooni. Kichefuchefu, tumbo linanguruma kama daladala bovu, mdomoni ladha ya chuma hata chai haishuki. Kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya wiki chache, lakini hufiki huko ukiiacha kila tumbo likisokota.

Halafu nakujua: unaimeza alfajiri, huna kitu tumboni, unakimbilia kipindi. Meza ukiwa unakula au umalizapo tu kula, na kula kwenyewe kuwe kula, si andazi moja. Muulize daktari kama mlianzia juu mno. Mara nyingi huanzwa na miligramu 500 kwa siku, kisha hupandishwa taratibu. Ipo pia aina inayoyeyuka polepole, tumbo huivumilia zaidi. Hiyo haivunjwi wala haitafunwi. Ikipatikana hapo Dodoma, nitajie bei.

Shangazi yako anauliza mbona unapewa dawa ya kisukari na kisukari huna. Mwambie hivi: wengi wenye PCOS, hilo tatizo lako la homoni na ovari (mifuko ya mayai), miili yao haiitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari mwilini, kwa hiyo kongosho huitoa kwa wingi zaidi. Insulini ikizidi, huchochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Ndiyo hizo chunusi na ndevu za kidevuni, ndiyo hedhi kupotea miezi. Na hili wengi hawaambiwi: mayai yakianza kupevuka tena, mimba inaweza kushika hata kabla hujaiona hedhi. Nimesema kama mama, usininunie.

Kuvumilia nako kuna mpaka. Ukitapika au kuhara mpaka maji yakuishe mwilini, ukihema kwa shida au ukilegea kupita kawaida, usimeze kidonge kinachofuata, nenda hospitali. Na hivyo vidonge vya kupanga uzazi walivyosema watakuongezea ili hedhi ikae sawa, kichefuchefu kidogo na matiti kuuma mwanzoni si ajabu. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo. Wewe kichwa chako kikitaka kuuma huanza kuona vimulimuli. Mwambie daktari kabla hajakuandikia, maana kuna aina ambazo mtu wa hivyo hapewi.

Kliniki yako ijayo ni lini? Nijulishe mapema niombe ruhusa kazini, nije tuingie wote. Na ile chupa ya majani aliyokupa mwenzako wa chumba, njoo nayo daktari aione. Kwa sasa usiionje.

Mama yako