Kunde 32

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Tangu Jumapili ulipopiga simu, sauti yako haijanitoka. Umekuwa wa tano kuogelea mita 200, halafu baba yako mdogo akakwambia uachane na 800 uhamie 50, kwamba ndiyo njia ya Olimpiki. Usimnunie. Neno hilo alilitoa kwangu. Nililisema mwaka jana, kabla sijahamishiwa Tanga, nikiwa nimechoka kukaa kwenye benchi la bwawa tangu saa kumi na moja alfajiri.

Wala si uongo. Nchi isiyo na mwogeleaji aliyefikia muda wa kufuzu huweza kupewa nafasi maalumu, na wengi huitumia kwenye mtindo huru wa mita 50 au 100. Hilal Hilal wetu aliogelea 50 Rio mwaka 2016. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alipita mlango wa namna hiyo kwenda Sydney mwaka 2000, akiwa na miezi michache tu tangu aanze kujifunza. Wenzake wawili wakaondolewa kwa kuruka kabla ya mlio, akabaki peke yake, mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Uwanja mzima ulimshangilia. Mimi video ile huizima katikati. Naona mtoto wa mtu anaishiwa pumzi.

Ila wewe si wa 50. Kule ukikosea kuruka tu, kwisha habari. Wewe mwili wako huamka wenzio wanapoanza kupiga maji ovyo, na hilo nililiona kwa macho yangu miaka yote ile pale kwenye benchi, nikajifanya sijaliona.

Basi nimemsoma Katie Ledecky wako, yule mwogeleaji wa Marekani uliyembandika juu ya kitanda. Alishinda 800 London tarehe 3 Agosti 2012 akiwa na miaka 15, umri wako huu. Akaishinda Rio, akaishinda Tokyo, na Paris akaishinda tena tarehe ileile, 3 Agosti 2024. Sawa, hayo unayajua kuliko mimi. Kilichonishika ni ile asubuhi ya Tokyo alipomaliza wa tano kwenye 200. Wa tano, kama wewe! Baada ya saa moja na dakika kadhaa akarudi majini, akachukua dhahabu ya 1500, mbio ambazo wanawake walikuwa hawajawahi kupewa kwenye Olimpiki.

Sikuahidi Olimpiki, mama. Muda wako na ule wa kufuzu bado ni Dar na Kigoma. Na mtihani wa kidato cha pili ukifeli, hilo bwawa tutalisahau wote wawili.

Miwani mpya nimeituma kwa basi la Ijumaa. Ile inayovuja itupe, usimgawie mtu. Mwambie baba yako mdogo kwamba mimi ndiye nimesema ubaki kwenye 800.

Nitakuja mashindano ya mwezi ujao. Mita 800 kwenye bwawa la mita 25 ni kwenda na kurudi mpaka mtu achanganyikiwe, kwa hiyo nimehesabu kunde 32 nikazitia mfuko wa kushoto. Kila ukigusa ukuta, moja inahamia kulia. Ukiniona, usinipungie mkono. Nitapoteza hesabu.

Mama yako