Kabla hujaanza kazi ya porini

Swahiba wangu,

Salamu sana, na hongera kwa kazi. Uliponiambia utarusha Cessna 206, ile ndege ndogo ya injini moja, kupeleka wageni makambini, nilifurahi mno, lakini usiku usingizi ukanipaa. Ndiyo maana nakuandikia.

Viwanja vya ndege vya porini si kama lami uliyojifunzia. Chukua Seronera, kule Serengeti, karibu futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30 mchana, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000. Injini inapungukiwa nguvu na ndege inadai njia ndefu zaidi ya kurukia. Kwingine mvua ikinyesha udongo mweusi unang'ang'ania magurudumu, na nyasi zinaficha mashimo ya ngiri.

Mwaka juzi nusura niwaumize abiria watano. Kiwanja cha nyasi, asubuhi, mvua imeacha kunyesha usiku. Ndege ilikimbia kwa uzito, nami najiambia itaruka tu, itaruka tu. Ikanyanyuka, ikarudi chini, ikanyanyuka tena, ikarudi. Nilipokata nguvu ya injini njia ilikuwa imekwisha. Tuliingia mtaroni, gurudumu la mbele likavunjika. Hakuna aliyeumia, ila mama mmoja wa kiti cha nyuma alitetemeka mpaka jioni. Mikono yake naiona hadi leo.

Tangu hapo naikagua njia nzima kwa miguu na kuweka alama katikati. Nikiifikia alama sijapata asilimia 70 ya kasi ya kunyanyukia, nasimamisha ndege. Sibishani na moyo. Mzigo ukizidi, abiria mmoja atangoja safari ya pili. Atanung'unika, mwache anung'unike.

Halafu mlango. Tarehe 23 Januari 1954, ndege ndogo aliyopanda mwandishi Ernest Hemingway iligonga waya wa telegrafu karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, ikaanguka. Akapona. Kesho yake akapanda nyingine, aina ya Rapide, kwenye kiwanja kibovu cha Butiaba kando ya Ziwa Albert. Ikashindwa kupaa, ikawaka moto. Mkewe alipita dirishani. Yeye aliukuta mlango umekwama, akaugonga kwa kichwa mpaka ukafunguka. Alitoka hai, lakini kichwa, ini na figo vimeumia vibaya.

Na hiyo 206 yako, flapi, yaani vibao vya nyuma ya mabawa, zikiwa chini, kama zinavyokuwa wakati wa kupaa, zinazuia nusu ya mbele ya mlango mkubwa wa nyuma. Inabidi uisukume inapofikia, kisha ndipo ufungue nusu ya pili. Abiria aliyeshikwa na hofu hawezi kulibuni hilo mwenyewe. Kwa hiyo waonyeshe kabla hujawasha injini, nao washike komeo kwa mikono yao, hata kama ni wageni wakubwa na wana haraka.

Ukifika, niandikie kiwanja chako cha kwanza kina urefu gani, na mwisho wake kuna miti au kuna nini.

Wako akupendaye.