Alhamisi: njooni na hati za mshahara
Ndugu zangu, poleni na kazi. Alhamisi darasa letu la watu wazima linaanza saa 1 jioni, si saa 12, maana wenzetu wa kiwandani wanachelewa kutoka zamu. Mwenye mtoto aje naye, mkeka upo.

Juzi dada yetu mmoja alifuatisha hati yake ya mshahara kwa kidole, mstari kwa mstari, akakuta bado anakatwa hela ya sare aliyokwisha kuilipa. Miaka 3 alikuwa anatia sahihi tu! Iliniuma sana. Kwa hiyo nawasihi, msizikimbie hesabu za asilimia, maana ndizo zinazotusaidia kukagua makato ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu walisoma wakitoka shamba. Kila mmoja aje na hati yake, tuzisome pamoja.