Kozi za uhusiano wa kimataifa zisichaguliwe kwenye foleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mdogo wangu wa kike amepata chuo, anaenda kusoma digrii ya uhusiano wa kimataifa, na juzi kanipigia simu, "kaka nambie kozi gani za hiari ni nyepesi nizichukue hizohizo." Nimekaa na hilo swali siku tatu nzima maana hata mimi niliingia chuo nalo na hakuna mtu aliyenizuia.

Wiki ya usajili wengi mnaijua. Foleni ya ada, foleni ya kitambulisho, bumu la mkopo halijaingia, na ile fomu ya kozi unaijaza umesimama huku unachungulia ya mwenzako, kaka zako wa mwaka wa tatu wanakwambia mwalimu fulani hatoi sapu, ile mitihani ya marudio, nenda kwake. Mimi nikaacha Kifaransa kwa sababu kipindi chake kilikuwa saa moja asubuhi, nikaacha uchumi wa biashara ya kimataifa kwa kuogopa hesabu, mbinu za utafiti nikazisogeza mpaka zikakutana na utafiti wenyewe mwaka wa mwisho, nikawa najifunza kutengeneza dodoso huku tayari natakiwa niwe nimeshalikusanya. GPA ilikuwa nzuri, sikatai.

Leo niko kwenye uwakala wa forodha hapa Dar, mizigo yetu mingi inapita Tunduma kwenda Lubumbashi, Kongo. Madereva na wateja wa kule tunaongea Kiswahili tunaelewana kabisa, ila karatasi za serikali yao ni Kifaransa, ile hati ya FERI ya taarifa za mzigo unaoingizwa nchini kwao, barua za forodha, kila kitu, na mimi niliyesoma mambo ya kimataifa miaka mitatu nasubiri mwenzangu aliyekulia Bujumbura aje anisomee. Inaniuma sana kila mara. Na yale masuala ya bidhaa imetengenezwa wapi ili ipate nafuu ya ushuru, ambayo ndo moyo wa soko huru la Afrika lililoanza biashara Januari 2021, yalikuwa ndani ya kozi ileile ya uchumi niliyoikimbia.

Sasa angalieni wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza upya na nchi 3 mwaka 2000, wakaja Rwanda na Burundi 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wakapitisha Kiswahili na Kifaransa navyo viwe lugha rasmi. Kijana wa fani hii anaambiwa na nani hayo siku ya kujaza fomu?

Digrii kwetu inataka angalau krediti 360, kwa miaka mitatu ni kama 60 kila semesta, nafasi za hiari zinabaki chache mno. Nadharia unaweza ukakesha na madesa, yale makaratasi ya notsi, wiki mbili kabla ya yuii, mtihani wa mwisho wa semesta, ukapita, lugha haikubali hivyo, lugha inataka semesta zote sita na ukiikosa ya kwanza huwezi kuja kuidandia semesta ya tano. Kwa hiyo mdogo wangu nimemwambia aandike Kifaransa kwanza ndo apange vingine kukizunguka, uchumi mwaka wa pili, takwimu na mbinu za utafiti kabla hajafika mwaka wa tatu, halafu achague eneo moja alijue kwelikweli, mimi nimemshauri Maziwa Makuu. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, aombe Arusha. Makao makuu ya Jumuiya yako pale, Mahakama ya Afrika iko pale, mkataba wa amani wa Burundi ulisainiwa palepale Agosti 2000, yaani nusu ya atakayosoma darasani anaweza kuyafikia kwa basi.

Ninachoomba kwa vyuo vyetu ni kidogo tu, mpango wa kozi za miaka yote mitatu umfikie mwanafunzi pamoja na barua ya kukubaliwa, sio siku ya foleni, na kila mmoja apate mwalimu wa kukaa naye hata robo saa kabla fomu haijasainiwa. Tafadhali wakuu wa idara mkisoma hapa lifikirieni hili, intake inayofuata haiko mbali.

Mdogo wangu nimeshamnunulia kamusi ya Kifaransa ya mtumba pale Posta, jana usiku alikuwa ananihesabia mpaka ishirini kwenye simu.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam